Klabu ya Usimbaji Baada ya Masomo: Jinsi ya Kuianzisha na Kuifanya Idumu

Katika shule za kutwa, kengele ya mwisho ya masomo hulia saa tisa na nusu alasiri. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zimetenga muda wa kuanzia hapo hadi saa kumi na dakika 45 kwa shughuli za ziada, kama vile kandanda, skauti, nyimbo na drama. Dakika hizo 75, mara moja kwa wiki, zinatosha kuendesha klabu ya usimbaji ambamo watoto hutengeneza michezo na hadithi zao wenyewe kwenye tarakilishi.

Klabu ya aina hii haihitaji mwalimu wa kulipwa wala maabara ya kifahari. Huendeshwa na watu wa kujitolea: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, karani aliyestaafu, kijana anayesubiri kazi, mzazi aliyezoea tarakilishi. Kuianzisha si kazi kubwa. Kazi ni kuhakikisha ingalipo mwaka ujao. Klabu za kujitolea mara nyingi hazifi kwa kukosa mashine. Hufa wiki ile mtu mmoja aliyekuwa akiibeba peke yake anapopata kibarua Mombasa au Nairobi. Watoto hufika, hukuta mlango umefungwa, hujaribu tena wiki inayofuata, kisha hawaji tena. Mtu mwingine akija baadaye na mpango kama huo, watoto na wazazi wao huwa wameshajifunza kutomwamini.

Somo hili ni la wakazi wa Kaunti ya Kilifi wanaotaka kuanzisha klabu katika shule, maktaba au ukumbi wa wadi yao. Linaeleza ruhusa zinazohitajika, usalama wa watoto, namna ya kugawana mashine chache, na kipindi kinavyoendeshwa dakika kwa dakika. Katika kila hatua swali ni moja: je, mpango huu utasimama hata mwanzilishi akiondoka?

Usimbaji ni nini

Usimbaji ni kuipa tarakilishi maagizo, moja baada ya jingine, kwa lugha inayoielewa. Tarakilishi haikisii wala haijazi pengo. Mtoto akisahau hatua moja, kazi huharibika hapo, na hana budi kurudi nyuma kutafuta alipokosea. Kule kutafuta ndiko kujifunza kwenyewe.

Wazo la kuwaachia watoto waiamrishe tarakilishi lina zaidi ya nusu karne. Mwaka wa 1967 nchini Marekani, Seymour Papert na wenzake walibuni LOGO, lugha ya tarakilishi iliyokusudiwa watoto. Mwaka wa 2007 chuo cha MIT kilitoa Scratch, programu ambayo mtoto haandiki maneno marefu bali hupanga vitalu vya rangi vinavyoshikana kama matofali. Scratch imelengwa kwa watoto wa kati ya miaka 8 na 16, haina malipo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Kwa watoto wadogo zaidi, wa miaka 5 hadi 7, ipo ScratchJr, inayofanya kazi kwenye vishikwambi.

Klabu za kujitolea zilifuata. CoderDojo ilianzia mjini Cork, Ireland, mwaka wa 2011, na Code Club ilianzia Uingereza mwaka wa 2012. Zote mbili zilijengwa juu ya mpango mmoja: ukumbi wa umma, watu wazima waliojitolea, na watoto wanaohudhuria bure.

Hapa Kenya msingi umeshawekwa. Ujuzi wa kidijitali ni mmoja kati ya umilisi saba wa mtaala wa CBC, sambamba na ubunifu, uraia, na uwazaji kina na utatuzi wa matatizo. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya usimbaji kwa shule za msingi na za upili. Klabu haichukui nafasi ya darasa. Humpa mtoto muda wa kufanya kwa mikono yake yale ambayo darasani huenda akayasikia tu.

Wazazi waahidiwe nini

Mzazi atauliza: klabu hii itamsaidia mwanangu kupata alama nzuri? Jibu la haki ni kwamba itamfundisha usimbaji, na hilo ndilo la kuahidi. Mwaka wa 2017 shirika la utafiti wa elimu la Uingereza, NFER, lilichapisha utafiti uliolinganisha watoto waliohudhuria Code Club kwa mwaka mmoja na wenzao ambao hawakuhudhuria. Waliohudhuria waliwapita wenzao katika usimbaji. Lakini katika uwezo mpana wa kufikiri na kuchambua matatizo kwa njia za sayansi ya tarakilishi, hawakuonyesha tofauti na wenzao.

Hii si sababu ya kuacha. Ni sababu ya kutotia chumvi. Mzazi aliyeahidiwa kwamba mtoto ataongoza katika hisabati atamwondoa mtoto muhula wa pili. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwishoni mwa muhula mtoto atakuwa na mchezo aliouunda mwenyewe, na ataweza kueleza kila sehemu yake, atakuja kuuona.

Ruhusa kwanza

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 limegawa majukumu ya elimu. Serikali za kaunti husimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto, pamoja na huduma za umma kama maktaba. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo, mlango wa kubisha hutegemea mahali klabu itakapokutania.

Klabu ikikutana shuleni, mwombaji huanza kwa mwalimu mkuu, ambaye hulifikisha suala hilo kwa Bodi ya Usimamizi wa shule. Ombi liwe la maandishi na lisizidi ukurasa mmoja. Litaje siku, saa, idadi ya watoto, majina ya wanaojitolea, na vifaa vya shule vitakavyotumika. Shule nayo huteua mwalimu mlezi wa klabu. Mwalimu huyo si lazima ajue usimbaji. Kazi yake ni kuwepo, kuwajua watoto kwa majina, na kushika ufunguo.

Klabu ikikutana katika ukumbi wa kijamii, maktaba ya umma au chuo cha ufundi cha kaunti, pa kuanzia ni ofisi ya Msimamizi wa Wadi. Chuo cha ufundi kina faida ya ziada: huwa na stima, meza imara, na wanafunzi wakubwa wanaoweza kujitolea.

Ruhusa ya maandishi hulinda klabu siku mwalimu mkuu anapohamishwa. Makubaliano ya mdomo huondoka na mtu aliyeyatoa.

Usalama wa mtoto hauna mjadala

Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inatanguliza maslahi ya mtoto katika kila jambo linalomhusu. Kwa klabu, hilo huwa kanuni chache ambazo hazilegezwi kwa yeyote, hata kama ni jirani anayeheshimika.

Kwanza, watu wazima wawili wawepo wakati wote. Akifika mmoja tu, kipindi huahirishwa na watoto hukabidhiwa kwa mwalimu mlezi. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja chumbani, wala anayempeleka mtoto nyumbani kwa pikipiki yake.

Pili, kila anayejitolea alete cheti cha maadili mema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Maombi hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen. Asiye nacho asubiri.

Tatu, mzazi au mlezi atie sahihi fomu ya idhini. Fomu itaje saa ya kumaliza, mtoto atakavyorudi nyumbani, na iwapo anaweza kupigwa picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Orodha ya majina na nambari za simu ikae kwenye kabati lililofungwa, isizunguke kwenye makundi ya WhatsApp.

Nne, mawasiliano yote kuhusu klabu yapitie kwa wazazi. Mkufunzi hatumii watoto ujumbe wa faragha. Mtoto akifungua akaunti mtandaoni, asitumie jina lake kamili, jina la shule wala picha yake.

Mtoto akionyesha dalili za kudhulumiwa, au akieleza jambo la kutia hofu, mkufunzi hapeleleza mwenyewe. Humjulisha mwalimu mlezi na afisa wa watoto. Nambari 116 ya simu ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Iandikwe ubaoni siku ya kwanza na ibaki hapo.

Watu watatu, si shujaa mmoja

Klabu ya watoto 18 inahitaji angalau watu watatu wa kujitolea, mbali na mwalimu mlezi. Watatu hao hupangiwa zamu: wiki ya kwanza wa kwanza na wa pili, wiki ya pili wa pili na wa tatu, wiki ya tatu wa kwanza na wa tatu. Kila mmoja hufanya kazi wiki mbili na kupumzika ya tatu. Akiugua mmoja, aliyekuwa mapumzikoni huingia. Akihama mmoja, wawili wanabaki wakijua kila kitu huku wa kuchukua nafasi akitafutwa.

Anayejitolea hahitaji kuwa mhandisi. Anayeweza kukaa na Scratch jioni tatu na kuumaliza mchezo mmoja anaweza kumwongoza mtoto wa miaka 10. Sifa kubwa ni kufika kwa wakati, kuvumilia kimya mtoto anapofikiri, na kusema bila aibu, "Hilo silijui, hebu tulitafute pamoja."

Makubaliano yawe ya muhula mmoja mmoja. Mtu akiombwa ajitolee "kwa muda wote atakaoweza," huondoka kimyakimya. Akiombwa wiki 8, huhesabu, hukubali, na mwisho wa muhula huamua kuendelea au kukabidhi. Mpango wa wiki 8 hutoshea muhula wowote, hata ule wa tatu ulio mfupi.

Kujitolea hakumaanishi kujilipia. Anayetoka Mtwapa hadi Kikambala kila wiki hutumia nauli, na nauli hiyo ndiyo huwaondoa wengi bila wao kusema. Kabla ya klabu kuanza, ijulikane nauli ya wakufunzi itatoka wapi: chama cha wazazi, kanisa, msikiti, au mfanyabiashara wa soko la karibu. Pesa zozote zinazochangwa shuleni zipitie kwa Bodi ya Usimamizi na zikatiwe risiti. Mtoto asilipishwe. Ada ndogo hata ya shilingi 20 huwatoa kwanza wale ambao hawana tarakilishi nyumbani.

Mashine chache, watoto wengi

Kabla ya kutafuta mfadhili wa vifaa vipya, klabu iulize vilivyopo. Mpango wa kitaifa wa ujuzi wa kidijitali ulioanza mwaka wa 2016 ulipeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma. Vingine bado vinafanya kazi, vingine vinahitaji chaja tu. Mkufunzi na mwalimu mlezi wavikague kimoja baada ya kingine, waandike vinavyowaka, vinavyotunza chaji, na vilivyokufa. Vipakatalishi vilivyotumika ofisini pia vinafaa, kwani Scratch haihitaji mashine yenye nguvu nyingi.

Intaneti si lazima kila wiki. Scratch inaweza kupakuliwa mara moja, ikawekwa kwenye flashi, na kusakinishwa kwenye kila mashine. Baada ya hapo hufanya kazi bila bando. Kazi za watoto huhifadhiwa kwenye mashine na nakala kwenye flashi mbili, moja kwa mwalimu mlezi na nyingine kwa mkufunzi.

Chukua mfano wa watoto 18 na vipakatalishi 6. Watoto watatu kwa mashine moja si hasara iwapo kila mmoja ana kazi. Mmoja hushika kipanya. Wa pili husoma mpango na kusema hatua inayofuata. Wa tatu hutazama skrini kutafuta hitilafu na huandika daftarini. Kila baada ya dakika 10 mkufunzi hupiga makofi na wote hubadilishana. Bila saa ya kubadilishana, mtoto mwenye sauti kubwa hushika kipanya hadi mwisho, na wenzake hugeuka watazamaji. Wakizidi watatu kwa mashine, ni afadhali klabu igawanywe siku mbili.

Kipindi cha dakika 75

Ratiba isiyobadilika humsaidia mtoto, na humsaidia zaidi mkufunzi mgeni anayeshika zamu kwa mara ya kwanza.

Saa 9:30 hadi 9:40 ni mahudhurio. Majina husomwa, mashine huhesabiwa na kuwashwa.

Saa 9:40 hadi 9:55 ni zoezi bila mashine. Mtoto mmoja hufumbwa macho, wenzake humwelekeza kutoka mlangoni hadi ubaoni kwa maneno kama "hatua tatu mbele, geuka kulia." Akigonga dawati, darasa hutafuta agizo lililokosewa.

Saa 9:55 hadi 10:30 ni kazi kwenye mashine. Mkufunzi huonyesha jambo moja jipya kwa dakika 5, kisha huwaachia watoto.

Saa 10:30 hadi 10:40 ni maonyesho. Makundi mawili huonyesha walichofanya, hata kama hakijakamilika, na hueleza kilichowasumbua.

Saa 10:40 hadi 10:45 kazi huhifadhiwa, mashine huhesabiwa tena, na mlango hufungwa. Dakika hizi za mwisho zisiliwe na kazi. Mashine ikipotea mara moja tu, shule huweza kufunga klabu.

Mfano wa somo: nazi na kikapu

Mchezo huu hukamilika kwa vipindi vitatu. Nazi hushuka kutoka juu, mchezaji husogeza kikapu kushoto na kulia ili aidake, na kila nazi huleta alama 1.

Mkufunzi huanza na jukwaa la Scratch. Upana wake ni nukta 480, kutoka -240 kushoto hadi 240 kulia. Kimo chake ni nukta 360, kutoka -180 chini hadi 180 juu. Katikati ni sufuri. Watoto huichora ramani hiyo sakafuni kwa chaki na kusimama juu yake kabla ya kugusa mashine. Hapo nambari hasi, ambazo huwatatiza wengi kitabuni, huwa mahali pa kusimama.

Kipindi cha kwanza ni cha kikapu. Mshale wa kulia ukibonyezwa, kikapu kiende nukta 10 kulia. Wa kushoto, kiende nukta 10 kushoto. Maagizo hayo huwekwa ndani ya kitanzi, yaani kitalu kinachorudia maagizo bila kukoma, kwa sababu mashine isipoambiwa irudie, hutazama mshale mara moja tu na kuacha.

Kipindi cha pili ni cha nazi. Nazi huwekwa juu, kwenye kimo cha 180, mahali popote kati ya kushoto na kulia. Ndani ya kitanzi hushuka nukta 5 kila mzunguko. Ikifika chini ya -170 bila kudakwa, hurudishwa juu mahali pengine.

Kipindi cha tatu ni cha alama, na hapa ndipo somo lilipo. Watoto huongeza sharti: nazi ikigusa kikapu, ongeza 1. Huendesha mchezo, nazi moja inadakwa, na alama zinaruka hadi 10 au zaidi. Baadhi hushangilia. Wengine huona kuna jambo.

Mkufunzi asishike kipanya. Aulize: "Nazi ikishagusa kikapu, inakwenda wapi?" Watoto hutazama tena na kugundua kwamba haiendi popote, inaendelea kushuka ikipitia ndani ya kikapu. Kikapu cha kimo cha nukta 50 na nazi inayoshuka nukta 5 kila mzunguko hugusana kwa mizunguko 10, na katika kila mzunguko tarakilishi hutii: ongeza 1. Mashine haikukosea. Ilifanya kile hasa ilichoambiwa. Dawa ni agizo moja zaidi: mara tu alama inapoongezwa, nazi irudi juu.

Mkufunzi akisahihisha hitilafu hiyo mwenyewe, hutumia sekunde 20 na watoto hupata mchezo unaofanya kazi. Akiuliza na kungoja, huenda dakika 15 zikapita, lakini watoto huondoka wakijua jinsi ya kutafuta kosa. Wiki inayofuata wenyewe hugundua tatizo jingine: mchezo ukianza upya, alama za jana bado zipo. Safari hii hawamwiti mtu.

Wiki zinazobaki ni za watoto kubadilisha mchezo wapendavyo. Kikapu kikawa mashua, nazi ikawa samaki au takataka za plastiki ufuoni. Hapo mchezo huwa wao.

Stima ikipotea

Kipindi hakiahirishwi kwa sababu ya stima. Kila mkufunzi awe na zoezi la akiba lisilohitaji mashine. Mfano mmoja: mtoto anaandika kwa siri nambari kati ya 1 na 100. Wenzake wakikisia ovyo, huweza kuchukua makumi ya majaribio. Wakianza na 50 na kuambiwa "zaidi" au "pungufu," kisha wakaendelea kugawa nusu iliyobaki, hawawezi kuzidi majaribio 7. Watoto hurudia hadi wajionee, kisha huulizwa: na ikiwa nambari ni hadi 200? Jibu ni 8. Nambari zimezidi mara mbili, lakini jaribio limeongezeka moja tu. Hiyo ni sayansi ya tarakilishi kamili, na imefanyika kwa kipande cha karatasi.

Nani hafiki, na kwa nini

Baada ya wiki tatu, mwalimu mlezi asome daftari la mahudhurio akitafuta majina yaliyopotea. Mara nyingi yana mpangilio.

Wasichana huweza kupungua kwa sababu maji na jiko vinawangoja nyumbani. Kuzungumza na wazazi mapema, na kumaliza kwa saa iliyoahidiwa, husaidia kuliko hotuba. Nusu ya nafasi zitengwe kwa ajili yao tangu siku ya kuandikisha, na zamu ya kipanya isimamiwe kwa saa.

Watoto wengine huenda madrasa alasiri. Klabu ikiwekwa siku ya madrasa, huwa imewafungia nje bila kukusudia. Siku ichaguliwe baada ya kuulizana na maalimu na wazazi.

Wengine wanatembea mbali. Klabu inayomaliza saa kumi na dakika 45 humpa mtoto muda wa kufika kabla ya magharibi. Inayochelewa hadi saa kumi na mbili haimpi. Wanaoishi njia moja watoke pamoja.

Mtoto mwenye ulemavu ana haki ile ile ya kushika kipanya. Meza ya karibu na mlango, maandishi makubwa kwenye skrini, na wenzake waliozoezwa kumngoja, ni mambo yasiyo na gharama.

Daftari la klabu

Kifaa chenye thamani kuliko vyote katika klabu huuzwa katika duka lolote la vitabu. Ni daftari moja gumu, linalokaa kabatini shuleni, si mkobani mwa mkufunzi.

Baada ya kila kipindi, kabla ya kuondoka, mkufunzi wa zamu huandika mistari mitano: tarehe na idadi ya watoto, kilichofundishwa, pale kila kundi lilipofikia, mashine zenye hitilafu, na jambo la kuanzia wiki ijayo. Ukurasa wa kwanza una ratiba ya zamu, nakala ya barua ya ruhusa, na mahali flashi zilipo. Nywila za mashine hukaa kwa mwalimu mlezi.

Kwa daftari hilo, mtu ambaye hajawahi kuiona klabu anaweza kuingia Jumatano saa tisa na nusu na kuendelea pale mwenzake alipoachia. Bila daftari, kila anayeondoka huondoka na klabu kichwani mwake.

Hatua ya mwisho ya kudumu ni watoto wenyewe. Waliomaliza mihula miwili hupewa kazi ya kuwasaidia wapya, kwa masharti yale yale: kuuliza, si kushika kipanya. Baada ya miaka michache, baadhi yao watakuwa vijana wa vyuo, wa kuombwa wiki 8.

Kabla ya kufungua mlango

Mkazi anayetaka kuanza na ahakikishe ana haya yote:

Barua ya ruhusa kutoka kwa shule, au kutoka kwa ofisi husika ya kaunti.
Watu watatu wa kujitolea, kila mmoja na cheti cha maadili mema.
Mwalimu mlezi au msimamizi wa jengo anayeshika ufunguo.
Fomu za idhini zilizotiwa sahihi na wazazi.
Mashine zilizokaguliwa, zenye Scratch tayari, na flashi mbili za nakala.
Mpango wa wiki 8 na mazoezi mawili ya akiba yasiyohitaji stima.
Daftari moja gumu.

Kikikosekana kimoja, ufunguzi usogezwe wiki moja mbele. Watoto wanaweza kungoja wiki moja kabla ya klabu kuanza. Kinachowaumiza ni mlango uliofungwa baada ya wao kuzoea kuja.